Nyar Kombewa ni Mmoja Tu

Okinyi aliipiga kompyuta kwanza, ndipo akampiga Dorca. Rungu lilipasua kioo, likarudi likabomoa kile kisanduku cha chini ya meza, likarudi tena ili kuhakikisha, na vipande vikaruka mpaka kwenye rafu za magazeti. Dorca Akello, mama wa miaka arobaini na kitu, mfanyakazi wa maktaba ya chuo kimoja mjini Kisumu, alikuwa bado ameshika kikombe cha chai. Alipojaribu kusimama alipigwa juu ya jicho, akaanguka kati ya kiti na ukuta, chai ikammwagikia tumboni. Damu ikamjaa jichoni. Kwa lile jicho lililobaki alimwona Okinyi akikanyagakanyaga kisanduku kama mtu anayeua nyoka.

"Sasa imeisha," Okinyi alisema, akihema. "Hiyo maneno yake yote imeisha."

Na Dorca, na damu yake yote ile, akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu. Mtu mzima, mwenye boti sita ziwani, alikuwa anadhani maneno yamo ndani ya kile kisanduku kama ugali ulivyo ndani ya sufuria. Maneno yenyewe yalikaa kwenye mitambo ya mbali ambayo hata Dorca hakuwahi kuiona, na yeyote mwenye simu, awe Asembo Bay au ng'ambo, angeweza kuyafungua dakika ile ile. Kicheko hicho kilimponza. Okinyi alimpiga teke la ubavuni, mfupa ukalia, na alikuwa anainua mguu tena walinzi walipomrukia kutoka nyuma. Iliwabidi wanne kumlaza chini, na mmoja wao alitoka pale bila jino.

Sasa wewe utauliza, maktaba na rungu wapi na wapi? Ngoja nikueleze, maana watu wa mji huu wakisikia unafanya kazi maktaba wanadhani kazi yako ni kupanguza vumbi na kuwanyamazisha wanafunzi.

Dorca alizaliwa na kulelewa Nyalenda, mama yake akiuza omena, dagaa wa ziwani, soko la Kibuye. Mama huyo aliitwa Nyar Gem, yaani binti wa Gem, kwa sababu ndiko alikotoka kuja kuolewa. Hivyo ndivyo Wajaluo wanavyomwita mwanamke aliyeolewa: kwa kwao. Kumtaja kwa jina lake tupu, mtu mzima kama yule, ni kukosa adabu. Dorca aliujua mwito huo tangu akiwa mgongoni, na jina la mama yake la kwenye kitambulisho alilisoma kwa mara ya kwanza siku walipokwenda kuchukua kibali cha kumzika. Alisimama pale dirishani akidhani wamempa karatasi ya mtu mwingine.

Kazi yake chuoni ilikuwa ni ile hifadhi ya wazi. Kila kitu ambacho wasomi wa chuo walikifanya kililetwa kwake, naye alikipakia mtandaoni, bure, kwa yeyote. Na usifikirie ni vitabu vikubwavikubwa tu. Mle ndani kulikuwa na tasnifu kuhusu minyoo ya matumbo ya sato, na nyingine kuhusu gugumaji, kumi na kitu hivi, maana kila mwanafunzi aliyekosa la kuandika aliandika gugumaji. Kulikuwa na ramani za makorongo ya Nyakach, vipimo vya mvua, picha za maduka ya mawe ya Wahindi, sauti za wazee wakipiga zeze la nyatiti huku wakikohoa, hotuba za profesa mmoja aliyependa kusikika, na ripoti ya daktari kijana kuhusu watu walioumwa na viboko, yenye picha ambazo Dorca alizipakia akiwa amegeuza uso. Kulikuwa hata na majaribio yaliyofeli. Mtu alitaka kufuga samaki fulani, wakafa wote, akaandika kurasa sitini kueleza jinsi walivyokufa. Dorca aliipenda sana hiyo. Alisema angalau huyu hakudanganya.

Kabla ya kupakia, alikuwa na sharti moja: kuangalia kama kuna jina la mtu ambalo halipaswi kuonekana. Katika kazi hiyo alikuwa mkali kama pilipili. Wahadhiri walimwogopa.

Ndipo ikaja tasnifu ya Lorna Wangu. Lorna ni binti wa wafanyabiashara kutoka Murang'a, duka lao liko pale Kisumu tangu hajazaliwa, na Dholuo, yaani Kijaluo, anakiongea vizuri tu. Aliandika kuhusu wanawake wanaouza samaki kwenye ufuo mdogo uitwao Nyakwiri, katikati ya Asembo Bay na Luanda Kotieno. Aliandika juu ya jaboya, yule mvuvi anayempa mwanamke samaki kwanza na kumdai mwili baadaye. Aliwahoji wanawake wengi, na kila mmoja alimwuliza: nikufiche kwa jina gani?

Mmoja wao, Beldina Adoyo, mjane, alifikiri kidogo akajibu, "Andika tu Nyar Kombewa."

Kwa Beldina, hapo alikuwa amefichwa. Jina ni lile la kitambulisho, lile la polisi na la hospitali. Hilo halikuandikwa, basi ameokoka. Lorna naye aliona ameambiwa jina la kuficha, akaandika. Na Dorca, pilipili yote ile, alisoma "Nyar Kombewa anasema" kurasa nzima na jicho lake halikugutuka hata kidogo. Kule Nyalenda akina Nyar Gem walikuwa wengi hadi ukimwita mmoja waliitikia kwa pamoja. Hakukumbuka kwamba ufuoni Nyakwiri si Nyalenda. Pale wanawake ni wachache, kila mmoja ametoka kwao tofauti, na Nyar Kombewa ni mmoja tu.

Na aliyoyasema Nyar Kombewa hayakuwa mambo ya kuchezea. Alisema tajiri wa boti zenye mstari wa manjano alimtaka, akakataa, tajiri akamvunja vidole kwa kafi, lile kasia fupi la boti, mbele ya mizani ya samaki. Alisema mumewe Opiyo, aliyekuwa akivua katika boti hizo hizo, alikwenda kuuliza kwa nini. Wiki ile ile Opiyo akaletwa amekufa, wakasema amezama. "Mimi ndiye nilimwosha," alisema. "Kichwa kilikuwa kimepasuka nyuma. Maji haina kafi."

Tasnifu ikakaa hifadhini karibu mwaka mzima, imetulia kati ya minyoo na gugumaji. Aliyeifukua hakuwa na nia mbaya. Dalmas, katibu wa kamati ya ufuo, alikuwa anatafuta utafiti wowote wa kuambatanisha na ombi la vizimba vya kufugia samaki. Aliandika neno Nyakwiri kwenye simu, na hifadhi ikamletea kila kilichowahi kuandikwa kuhusu ufuo wao: kichocho cha watoto wa shule, kina cha maji, nyimbo za matanga. Wavuvi wakajaa katika banda la ufuo kumsikiliza, wakifurahi kusikia kijiji chao kimeandikwa. Dalmas akafungua iliyofuata, akaanza kusoma kwa sauti. Alikuwa ameshafika kwenye mstari wa manjano alipotambua anasoma nini, akanyamaza. Lakini Okinyi, mwenye boti hizo, alikuwa amekaa pale pale, juu ya kreti la samaki.

"Soma," Okinyi akamwambia.

Dalmas akasoma. Beldina alikuwa nje ya banda akianua omena. Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mwanamume, neno kwa neno. Alisimama, akaona watu wote wamemgeukia, na hakuna aliyehitaji kuuliza Nyar Kombewa ni nani.

Okinyi alichukua kafi iliyokuwa imeegemezwa ukutani. Pigo la kwanza lilimpata Beldina begani, la pili mkononi, mkono ule ule wa vidole vilivyovunjwa. Akakimbia kuelekea kwenye boti. Akamfuata, akampiga kisogoni, Beldina akaanguka kifudifudi juu ya nyavu na omena wakatapakaa, naye Okinyi akaendelea kupiga mgongo, kichwa, mgongo, bila haraka, kama mtu anayepura mtama. Wanaume walisimama. Wanawake walisimama. Boti zile sita ndizo zilizowalisha wote pale, na kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake. Kafi ilipokatika, Okinyi alitupa kipande kilichobaki majini na kumwuliza Dalmas ni nani aliyeweka hiyo maneno kwenye simu. Dalmas akamwonyesha, chini ya ukurasa: imepakiwa na Dorca Akello, maktaba. Asubuhi iliyofuata Okinyi akapanda gari la Kisumu na rungu ndani ya gunia.

Basi, hiyo ndiyo hadithi ya kompyuta.

Okinyi alilala korokoroni kwa kumpiga Dorca, akatoka kwa dhamana. Kwa kumpiga Beldina hakuulizwa kitu. Askari walikwenda Nyakwiri, wakauliza, na ufuo mzima ulioona ukawa haujaona. Waliambiwa mama aliteleza kwenye mawe.

Chuoni, Bwana Wakhisi, mkuu wa maktaba, mtu mpole asiyependa kelele, alimwita Dorca akiwa bado na nyuzi juu ya jicho. "Mama Dorca, iondoe hiyo tasnifu. Kwa usalama wako, na wa chuo." Dorca aliiondoa mwenyewe, kwa mkono wake. Hilo lilimtafuna roho. Lakini alijiambia kwamba akienda kumwona Beldina, ambaye askari walimwambia amelazwa hospitalini, angalau atakuwa na habari njema ya kumpelekea.

Alimkuta Beldina katika hospitali ya Kombewa, kitanda cha dirishani, kichwa kimefungwa mpaka kwenye nyusi, uso umevimba hadi jicho moja limezama. Mkono ulikuwa kwenye plasta. Dorca alivuta stuli, akakaa, akajaribu kuanza na salamu, na badala ya salamu akalia.

"Mama, ni mimi niliyeweka," akasema. "Nilisoma Nyar Kombewa, nikaona ni sawa. Sikufikiri. Lakini nimeiondoa sasa. Hakuna atakayeiona tena."

Beldina alimtazama kwa lile jicho zima. "Umeondoa?"

"Yote."

"Nyamera," Beldina akamwita, yaani dada yangu, na sauti yake ilikuwa ya chini na yenye hasira. "Mimi ndiye niliyesema aandike hivyo, hukukosa peke yako. Lakini sasa nimepigwa kwa sababu ya hiyo maneno, nimelala hapa kwa sababu ya hiyo maneno, halafu wewe unakuja kuniambia hayapo? Nimepigiwa nini basi?"

Dorca akaisogeza stuli karibu.

"Askari wamesema hakuna shahidi," Beldina akaendelea. "Valarie alikuwa amesimama karibu nami hivi, kama wewe hapo. Nyar Uyoma huyo, tumeuza naye samaki tangu mimi nina mtoto mgongoni. Hajaona kitu. Nikifa watasema niliteleza. Opiyo alizama, mimi niliteleza. Ufuo wetu hakuna mtu anauawa, watu wanaanguka tu."

"Hutakufa, mama."

"Usinidanganye, nina kichwa kinachopiga ngoma." Akameza mate kwa shida. "Hiyo nyumba yako ya maneno, inaweka maandishi tu?"

Dorca alifuta pua. Akamweleza kuhusu ramani, picha, sauti za wazee wa nyatiti wanaokohoa. Alipofika kwa yule aliyeandika kurasa sitini za samaki waliokufa, midomo iliyovimba ya Beldina ikajaribu kucheka.

"Kama samaki wamewekwa," akasema, "niweke na mimi. Toa simu yako. Na safari hii usinifiche."

Dorca alijua kabisa kwamba anavunja sharti lake mwenyewe, lile lile alilowakalia wahadhiri nalo kooni miaka yote. Akatoa simu. Beldina akaongea kwa muda mrefu, akipumzika katikati, akirudi nyuma pale alipokosea. Muuguzi aliyekuja kubadilisha dripu alisimama mlangoni na kusikiliza, kisha akarudi alikotoka bila kufanya alichojia.

Beldina alikufa siku ya pili yake. Damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa.

Dorca alipopata habari aliketi mbele ya kompyuta mpya. Bwana Wakhisi alikuwa mkutanoni. Hifadhi ilimwuliza, kama inavyowauliza wote: aina ya kazi? Makala, tasnifu, ramani, takwimu, picha, sauti. Akachagua sauti. Mwandishi? Beldina Adoyo. Nani aruhusiwe kusikia? Wote. Alibonyeza kabla hofu haijashinda hasira.

Walimzika nyumbani kwa Opiyo, kama desturi, umbali wa kurusha jiwe kutoka ufuoni. Hema zilikuwa tatu, vipaza sauti viwili vikubwa vimefungwa mtini, watu wengi kuliko viti. Na katika hema la mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye kitambaa cheupe, alikaa Okinyi. Alikuwa ameleta ng'ombe dume wa matanga. Wazee wa ukoo walikuwa wamempokea kwa mikono miwili.

Dorca alisimama nyuma, ubavu umefungwa bendeji chini ya gauni. Shemeji mkubwa wa marehemu alisoma wasifu: alizaliwa Kombewa, akaolewa, akajaliwa watoto, akawa mfanyabiashara hodari. "Mama yetu aliteleza kwenye mawe akitoka kuanua omena," akasoma, na hakuinua macho kwenye karatasi. Wanawake wa ufuoni walikuwa wameketi pamoja chini, kwenye nyasi, vitambaa kichwani, kimya. Okinyi aliitikia kwa kichwa, kwa huzuni kabisa, kama mtu aliyefiwa.

Dorca angekaa kimya, sijui angelaumiwa na nani, maana pale alikuwa mgeni, na mgeni mwenye nyuzi usoni. Alikwenda kwa kijana wa vyombo vya muziki aliyekuwa akisubiri kupiga nyimbo za kanisa, akamwambia kuna ujumbe wa familia kwenye simu. Kijana hakuuliza. Akachomeka waya.

"Mimi naitwa Beldina Adoyo," vipaza sauti vikasema juu ya mti. "Nyar Kombewa ni mimi. Mume wangu ni Opiyo. Aliyenipiga ni Okinyi, kwa kafi, mchana, na watu wote wakiona."

Sauti ya mtu ambaye jeneza lake liko wazi mbele ya watu iliendelea, ikipumzika, ikirudi nyuma, ikataja pigo la begani na la mkononi na la kisogoni kwa mpangilio. Ikamtaja Valarie kwa jina. Ikasema, "Yeye alikuwa karibu. Simlaumu. Ana watoto."

Okinyi alisimama. "Zima," akasema. Kijana akaunyoshea waya mkono, na Okinyi alikuwa ameshamfikia na kumzaba kofi la kumwangusha juu ya mashine. Sauti ikakatika.

Hapo Valarie aliinuka kutoka kwenye nyasi. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye kisu cha kupara samaki kiunoni hata matangani, kwa mazoea tu. Alitembea hadi kwenye maikrofoni ya wasifu, akamsukuma shemeji mkubwa kwa bega.

"Mnaniita Nyar Uyoma," akasema. "Naitwa Valarie Awino. Nambari ya kitambulisho mkitaka nitawapa. Mimi niliona."

Okinyi alimrukia. Alimpiga ngumi ya mdomo, Valarie akayumba na maikrofoni mkononi, damu ikatiririka kidevuni, akairudisha mdomoni na kusema tena, "Niliona." Okinyi akainua mkono mara ya pili, na mkono huo haukushuka, kwa sababu kiti cha plastiki kilimvunjikia kichwani. Aliyekishika alikuwa mwanamke mwingine wa ufuoni. Wakaja wote. Walimpiga kwa viti, kwa viatu, kwa mti wa hema. Walimpiga mgongo, kichwa, mgongo, na hema la mbele likawaangukia wazee wa ukoo. Dorca alipiga kelele kwamba wasimuue, alisukuma, alipigwa kiwiko kwenye ubavu ule ule, akaona giza. Askari aliyekuja kulinda matanga ndiye aliyemkokota Okinyi kutoka chini yao akiwa hai, sikio moja likining'inia. Safari hii, askari alipouliza nani ameona, waliinua mikono mpaka akakosa karatasi ya kuandikia majina.

Beldina akazikwa jua likiwa juu, karibu na Opiyo.

Jumatatu Bwana Wakhisi alikuwa akimsubiri Dorca mlangoni na uso wa mtu ambaye hakulala. Akafungua mdomo kuzungumza juu ya ile sauti. Lakini nyuma ya Dorca kulikuwa na wanawake, wananuka samaki na moshi, wamepanda gari la kwanza kutoka Nyakwiri kuja kusema walichokiona, na Valarie yuko mbele na mdomo ulioshonwa. Bwana Wakhisi akawatazama, akamtazama Dorca, akafunga mdomo na kwenda kutafuta viti.

Dorca aliwasha kompyuta. Aina ya kazi, akachagua sauti. Kwenye mwandishi akaanza kuandika majina yao, ya kitambulisho, kama kila mmoja alivyomtajia. Alipomaliza la mwisho, Valarie akamgusa bega na kumwambia kuna aliyesahauliwa. Dorca akarudi juu kabisa, akaandika Beldina Adoyo.